Kutembelea Amboise na Familia Bila Kukimbizana: Mwongozo Kamili

Familia nyingi za kwetu zikipata nafasi ya kwenda Ufaransa huishia Paris. Foleni, ngazi za metro, mtoto analia, bibi magoti yanamuuma, na jioni kila mtu amenuna. Paris ina uzuri wake, sikatai. Lakini kama nia ni kupumzika pamoja, watoto na wazee, nenda mji mdogo. Mimi ningekupeleka Amboise.

Amboise uko kando ya mto Loire, kusini-magharibi ya Paris, na una wakazi kama 13,000. Kasri la wafalme liko juu ya mwamba, mji wenyewe umejikunja chini yake, na mto unapita mbele. Karibu kila kitu unakifikia kwa miguu. Ndiyo maana unafaa familia: mtoto akichoka mnarudi kulala, babu akitaka kubaki nyumbani anabaki, na hakuna aliyeharibiwa siku.

Kuna jambo moja litakaloamua kama mtastarehe au mtahangaika, nalo ni saa za mji. Mji mdogo wa Ufaransa unafungua, unafunga, unakula na kulala kwa utaratibu wake, na haumsubiri mgeni. Familia ikiingia katika utaratibu huo, mambo yanakwenda yenyewe. Nitalirudia hilo mbele, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi.

Kuchagua mwezi

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Hali ya hewa ni ya vuguvugu mchana na ya kuhitaji sweta jioni, na watu si wengi mno. Kwa wazazi wa Tanzania, likizo ya shule ya Juni inaingia hapo sawasawa. Likizo ya Agosti ya Kenya inaangukia wakati Wafaransa wenyewe wako likizo, kwa hiyo nyumba hupanda bei na kasri hujaa. Bado inawezekana, ila wekeni nafasi miezi kadhaa kabla. Desemba ni baridi na giza huingia mapema, ingawa makasri ya eneo hilo hupambwa kwa Krismasi na watoto hufurahia.

Kwa Waislamu, kumbukeni kwamba mwezi Juni jua linatua karibu saa nne usiku. Isha inakuja usiku sana na alfajiri inawahi. Pangeni usingizi wa mchana mapema. Sehemu zenyewe zinafunga mchana, hamtakosa kitu. Tofauti ya saa na Afrika Mashariki ni ndogo: saa moja majira ya joto, mbili majira ya baridi. Watoto hawatakesha.

Viza na makaratasi

Anzeni hapa mapema, kabla hamjamwambia mtoto yeyote kuhusu safari. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zinazoingiwa kwa pamoja, Ufaransa ikiwemo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Msisubiri hizo siku 15. Ada ya viza yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kituo kinachopokea maombi huongeza gharama yake ya huduma.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000 na ikubalike katika nchi zote za Schengen. Kila mtoto ana fomu yake. Alama za vidole hazichukuliwi kwa walio chini ya miaka 12, lakini ridhaa ya wazazi wote wawili inahitajika, hata kama anasafiri na mmoja tu. Baba aliyeko Muscat au mama aliyeko Toronto atie saini na karatasi ithibitishwe mapema. Hapo ndipo maombi mengi ya watoto hukwama.

Mkifikia kwa ndugu anayeishi Ufaransa, huyo ndugu aende kwenye manispaa ya mji wake kuomba karatasi iitwayo attestation d'accueil. Yeye ndiye anayeiomba, na mnahitaji ile halisi, si picha ya simu.

Ndugu mnaoishi Ubelgiji, Ujerumani au Uholanzi kwa kibali halali, sehemu hii irukeni. Chukueni pasipoti na vibali vyenu, pandeni treni.

Nyumba kwanza, hoteli baadaye

Kwa familia ya watu wanne na kuendelea, pangeni nyumba yenye jiko, ile Wafaransa wanayoiita gîte. Hoteli itawalazimu kuchukua vyumba viwili na kula nje kila mlo, na kula nje na watoto mara tatu kwa siku kunachosha kuliko kutembea. Jikoni unapika uji asubuhi, wali jioni, na mtoto mwenye kuchagua chakula hapati shida.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba maswali haya. Je, mashuka na taulo vimo kwenye bei? Mara nyingi havimo. Kuna ngazi ngapi, na zina upana gani? Nyumba za zamani za Amboise zina ngazi za kuzunguka, nyembamba, ambazo mzee hawezi. Kuna kitanda cha mtoto mchanga? Mapokezi ni siku gani? Julai na Agosti nyumba nyingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi tu. Na juu ya bei kuna kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku, ambayo watu wazima hulipa na walio chini ya miaka 18 hawalipi.

Tafuteni nyumba upande wa kusini wa mto, karibu na kasri. Stesheni ya treni iko upande wa kaskazini, lakini mtaitumia siku mbili tatu tu. Mkate mtaufuata kila asubuhi.

Mzigo, na kinachoruhusiwa forodhani

Viungo vikavu vya pilau, chai, na unga kidogo wa mtoto bebeni. Nyama na maziwa havipiti: sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza abiria kutoka nje kuingiza nyama, hata iliyokaushwa, na vitu vya maziwa. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2, yawe kwenye pakiti yake iliyofungwa na yasiyohitaji friji. Samaki ni habari nyingine. Hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa wakavu wanapita. Katika matunda, ndizi, nazi, nanasi na tende hayadai cheti cha afya ya mimea, lakini embe linadai. Embe la Muheza mle kabla ya kuondoka.

Chukueni viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, maana mitaa ya zamani ina mawe yasiyolingana. Kigari cha mtoto kiwe chepesi chenye kukunjika, na mbeleko isikose: kwenye ngazi za kasri ndiyo itakayowafaa.

Kufika

Kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja hadi uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, na inayofaa familia yenye mabegi, ni treni ya kasi TGV inayoondokea uwanjani hapohapo hadi Saint-Pierre-des-Corps, kisha treni ya mkoa, safari fupi ya kama robo saa hadi Amboise. Hamuingii Paris kabisa. Treni hizo si nyingi kwa siku, kwa hiyo linganisheni saa na ndege kabla ya kukata tiketi, na jiachieni si chini ya saa tatu tangu ndege kutua. Ukaguzi wa pasipoti huweza kuchelewa, hasa sasa ambapo mgeni wa nje ya Ulaya anapigwa picha mpakani na, kwa mwenye miaka 12 na zaidi, kuchukuliwa alama za vidole.

Njia ya pili ni treni ya RER B hadi Gare du Nord, metro namba 5 hadi Gare d'Austerlitz, halafu treni ya mkoa iitwayo Rémi moja kwa moja hadi Amboise, karibu saa mbili. Ni rahisi kwa bei, lakini ngazi za metro na mabegi manne ni adhabu. Kama ndege inatua jioni, laleni hoteli ya uwanjani na muondoke asubuhi.

Kutoka stesheni ya Amboise hadi katikati ya mji ni mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu, mkivuka mto na kisiwa kilicho katikati yake. Teksi si nyingi. Piga simu siku moja kabla. Usitoke stesheni ukitarajia kuzikuta zimejipanga.

Saa za mji

Vibao vya Ufaransa huandika saa kwa mtindo wa 24. Ukiona 12h, hiyo ni saa sita mchana. 14h ni saa nane. 19h ni saa moja jioni. Siku ya kwanza pigeni picha kibao cha duka la mkate, cha duka kubwa la vyakula na cha mgahawa mmoja. Picha tatu hizo zitawafaa kuliko kitabu cha wageni.

Duka la mkate hufunguliwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, na hufungwa siku nzima mara moja kwa wiki, mara nyingi Jumatatu. Maduka madogo hufungwa saa sita hadi saa nane mchana. Migahawa inapika mchana kati ya saa sita na saa nane, kisha jiko linazimwa kweli. Ukiingia saa nane na nusu na watoto wenye njaa, utaambiwa hapana, na hiyo hapana haina ubaya wala ubaguzi. Mpishi amekwenda kupumzika. Jioni jiko huwashwa saa moja. Kwa watoto waliozoea kula saa kumi na moja, wekeni mkate, matunda na jibini kwenye begi kila siku. Sehemu za chapati nyembamba za Kifaransa, yaani crêpe, mara nyingine huuza mchana kutwa.

Jumapili mchana mji hulala. Duka kubwa la vyakula, likifunguliwa, hufungwa karibu na saa saba mchana. Jumatatu nayo ni nzito. Kwa hiyo Jumamosi jioni jazeni friji: maziwa, mayai, mchele, maji kama hampendi ya bomba, ingawa ya bomba ni salama kabisa. Sikukuu za Mei ziangalieni sana. Tarehe 1 Mei karibu kila kitu kimefungwa.

Usiku, kuanzia saa nne, kelele zinawakera majirani. Mnaopenda kupiga soga barazani hadi usiku wa manane, ingieni ndani na fungeni madirisha.

Na kila mlango mnaoingia, duka, mgahawa, hata basi, salimuni kabla ya kusema neno lingine: bonjour madame, bonjour monsieur. Baada ya jua kuzama, bonsoir. Kwa mtu wa pwani hili halihitaji kufundishwa, anayeingia ndiye anayesalimu. Mwenye kuanza na "nataka mkate" huhudumiwa kwa uso mkavu, halafu anadhani Wafaransa wana roho mbaya. Wafundisheni watoto neno hilo ndani ya ndege. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura mnayo lugha tayari. Ninyi ndio wakalimani wa safari.

Siku zenyewe: jambo moja asubuhi, basi

Msipange mambo mawili makubwa kwa siku moja. Asubuhi mnatoka, mchana mnakula na kulala, jioni mnatembea mtoni. Mkikaa siku tano, yaliyopo yanatosha.

Asubuhi ya kwanza pandeni kasri la kifalme. Tiketi inakuja na kifaa cha skrini kinachoonyesha vyumba vilivyokuwa zamani, na watoto wanapenda kukishika. Waambieni habari ya mfalme Charles wa 8, aliyezaliwa hapa mwaka 1470: Aprili 1498 alikuwa akienda kutazama mchezo wa mpira, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango, na baada ya saa chache akafa. Kila mtoto anayeisikia atainama kwenye kila mlango. Kisha waonyesheni mnara wa Heurtault, ambao ndani hauna ngazi bali njia pana ya kuzunguka, iliyojengwa ili farasi wapande hadi juu.

Kwenye bustani kuna kanisa dogo la Saint-Hubert lenye kaburi la Leonardo da Vinci. Wageni hupiga picha hapo na kushuka. Msishuke. Endeleeni hadi Bustani ya Mashariki, ambayo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuja Amboise.

Amir Abdelkader, aliyepigana na Wafaransa Algeria kwa miaka kama 15, alisalimu amri Desemba 1847 kwa ahadi kwamba ataruhusiwa kwenda Alexandria au Akka. Ahadi haikutimizwa. Tangu Novemba 1848 alifungwa katika kasri hili pamoja na familia yake na wafuasi wake, wake kwa waume na watoto, katika baridi wasiyoijua. Oktoba 1852 Louis-Napoléon, mtawala wa Ufaransa wakati huo, alikuja mwenyewe kumwambia kuwa yu huru. Baadaye Amir alihamia Damascus, na mwaka 1860, ghasia zilipozuka, aliwakinga maelfu ya Wakristo wasiuawe. Wengine 25 hawakutoka Amboise. Walizikwa hapo juu, wakiwemo mke mmoja na watoto. Mwaka 2005 msanii wa Algeria Rachid Koraïchi aliwawekea mawe 25 yenye aya za Qurani. Kaeni hapo. Waislamu wasomeeni Fatiha, wengine nyamazeni kidogo, na wapeni watoto wakubwa kisa kizima: aliyefungwa kwa ahadi iliyovunjwa na watu wa dini nyingine, akaja kuwaokoa watu wa dini hiyohiyo.

Siku nyingine nendeni Clos Lucé, nyumba alimoishi Leonardo tangu mwaka 1516 alipoitwa na mfalme François wa 1, hadi alipofariki tarehe 2 Mei 1519. Kutoka kasri ni mwendo mfupi kwa mtaa wa Victor Hugo, na njiani tazameni nyumba zilizochongwa ndani ya mwamba wa chokaa, zenye milango, madirisha na mabomba ya moshi, watu wanaishi. Ndani ya Clos Lucé pitieni haraka kama mna watoto wadogo. Raha iko bustanini, ambako mashine alizochora zimejengwa kwa mbao kwa ukubwa wa kweli, na nyingi watoto wanazizungusha wenyewe. Bebeni chakula, kaeni asubuhi nzima.

Ijumaa na Jumapili asubuhi kuna gulio kando ya mto. La Jumapili ni kubwa zaidi. Nendeni saa tatu, kabla halijajaa, na kikapu na sarafu za euro mkononi. Mei mtakuta stroberi, Septemba peasi na zabibu. Jibini la mbuzi la Sainte-Maure-de-Touraine mtalitambua kwa bua la nafaka lililopenya katikati kutoka ncha hadi ncha. Ombeni kuonja, muuzaji hukata kipande kwa furaha. Msishike matunda kwa mkono mpaka mruhusiwe.

Kilomita kama tatu kutoka mjini kuna Pagoda ya Chanteloup, mnara wa ghorofa saba wa mtindo wa Kichina wenye urefu wa mita 44, ulioanza kujengwa mwaka 1775. Jumba kubwa lililokuwa mbele yake lilibomolewa, mnara ukabaki na bwawa lake. Kuna michezo ya mbao ya zamani na mitumbwi ya kukodi. Hufungwa majira ya baridi.

Kasri la Chenonceau, lililojengwa juu ya mto Cher, liko kilomita kama 15. Kama hamna gari, chukueni treni kupitia Tours au Saint-Pierre-des-Corps. Stesheni iko karibu na lango. Fikeni linapofunguliwa, maana kuanzia saa nne na nusu mabasi ya wageni yanamwaga watu. Mkikodi gari, mtoto wa chini ya miaka 10 anakaa nyuma na kiti chake. Mkikodi baiskeli, kofia ngumu ni lazima kwa walio chini ya miaka 12.

Jioni vukeni hadi kisiwa cha Île d'Or mkatazame kasri likiwaka taa. Lakini mtoto asiingie mtoni. Loire unaonekana mpole na wenye mchanga wa kuvutia, ila chini mchanga unahama na maji yana mkondo unaovuta. Wenyeji wenyewe hawaogelei.

Kula, kwa anayechunga

Nguruwe yuko mahali usipomtarajia. Rillettes, fahari ya eneo hili, kwa kawaida ni nguruwe. Vipande vyake, lardons, vimo kwenye saladi na quiche. Peremende laini nyingi zina gélatine de porc, someni pakiti. Ulizeni hivi: "Il y a du porc?" Nyama halali mtaipata Tours, mji mkubwa wa jirani, kwa treni ya dakika 20 hivi, nunueni ya siku zote, mgandishe. Samaki, mayai, na crêpe ya jibini na uyoga havina shida.

Mgahawani ombeni carafe d'eau, chupa ya maji ya bomba ambayo ni bure. Huduma imo kwenye bei, bakshishi si lazima.

Mtu akiugua

Duka la dawa lina msalaba wa kijani, na mfamasia atawasaidia kwa mafua, tumbo au jeraha dogo. Jumapili kuna duka moja la zamu. Jina lake hubandikwa mlangoni mwa yale yaliyofungwa. Kwa dharura pigeni 15 kwa daktari au 112 kwa lolote. Hifadhini stakabadhi zote za matibabu kwa ajili ya bima.

Siku ya kuondoka

Usiku wa kuamkia safari osheni vyombo, toeni taka, na mkague chini ya vitanda. Amana ya nyumba hurudishwa baada ya ukaguzi. Msiondoke kwa treni ya mwisho inayofikia ndege. Chukueni ya kabla yake. Kama mmenunua vitu vya zaidi ya euro 100 kwenye duka moja na mnaishi nje ya Ulaya, ombeni fomu ya détaxe, yaani ya kurudishiwa kodi, dukani mkiwa na pasipoti, kisha uwanjani muipitishe kwenye mashine ya forodha kabla ya kukabidhi mabegi, kwa sababu ofisa anaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe.